Mwenzi na Mdhamini: Tafakari juu ya Ndoa Zinazovuka Mpaka

Si jambo geni tena katika sharika zetu za Korogwe na Handeni kusikia kwamba binti wa fulani ameolewa Ujerumani, kijana wa fulani amemfuata mkewe Marekani, au mkwe kutoka Mombasa amehamia Mkata. Tunashangilia, tunatoa sadaka ya shukrani, tunawasindikiza hadi stendi. Lakini kati ya harusi na safari kuna kipindi kirefu ambacho hatukizungumzii kanisani: kipindi cha fomu, picha, vyeti, mahojiano na kusubiri. Katika kipindi hicho mmoja wa wanandoa hupewa jina jipya. Kwenye karatasi za serikali haitwi tena mume au mke tu, anaitwa mdhamini. Mwenzake anakuwa mdhaminiwa.

Hapo ndipo swali letu linapozaliwa. Mbele ya madhabahu tuliwaambia watu hawa wawili kwamba wamekuwa mwili mmoja. Mbele ya dirisha la uhamiaji wanaambiwa kwamba mmoja anaomba na mwingine anaombewa, na kwamba mmoja akiondoa sahihi yake mwingine atarudi alikotoka. Je, mtu anaweza kuwa mwenzi na mdhamini wa mtu yuleyule bila kumfanya mdeni wake? Na yule aliyedhaminiwa, anaweza kushukuru bila kuwa mtumwa wa shukrani?

Sheria inavyoigusa ndoa

Tuanze na sheria zenyewe, maana wengi huingia katika jambo hili kwa kusikia maneno ya vijiweni. Nchini Marekani mwenye nyumba, yaani raia au mkaaji wa kudumu, hutia sahihi hati ya kumtunza mwenzake, naye kwa kawaida hutakiwa kuonyesha kipato kisichopungua asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kilichowekwa na serikali. Hati hiyo haifi kwa talaka; inaweza kumfunga mdhamini hata baada ya ndoa kuvunjika. Ikiwa ndoa haijatimiza miaka 2 siku mgeni anapopokelewa, hupewa ukaaji wa masharti wa miaka 2, na kwa kawaida wanandoa huomba pamoja ili masharti yaondolewe. Uingereza iliweka kipimo cha kipato cha pauni 18,600 kwa mwaka tangu 2012, na Aprili 2024 ikakipandisha hadi pauni 29,000. Ujerumani, tangu 2007, kwa kawaida humtaka mwenzi ajifunze Kijerumani cha mwanzo kabla ya kuondoka kwao. Na haki ya kubaki kwa jina lake mwenyewe, ndoa ikivunjika, kwa kawaida huja baada ya ndoa kudumu huko miaka 3.

Tusidhani mambo haya ni ya Wazungu peke yao. Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mwenzi wa raia, mume kwa mke, nafasi ya kuomba uraia baada ya miaka 7 ya ndoa. Kwetu, Sheria ya Uraia ya 1995 inamruhusu mwanamke aliyeolewa na Mtanzania kuomba uraia kwa sababu ya ndoa hiyo. Mwanamume mgeni aliyemwoa Mtanzania hana mlango huo. Yeye hupita njia ya kawaida ya kuandikishwa, ambayo pamoja na masharti mengine inadai awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na jumla ya miaka 7 katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo. Na kwa kuwa nchi yetu hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, anayeupokea wetu huuacha wa kwao.

Mkristo anayesoma haya anaweza kukasirika na kusema serikali imeingia chumbani mwa watu. Tusikimbilie huko. Martin Luther, katika kitabu chake kidogo cha ibada ya ndoa cha 1529, alifundisha kwamba mambo ya ndoa ni ya utawala wa dunia hii, na kwamba kazi ya mchungaji ni kuwaombea na kuwabariki wanaoomba baraka. Ndiyo maana nasi tunafungisha ndoa kwa leseni ya serikali, tunatoa tangazo la siku 21, tunajaza cheti ambacho nakala yake huenda serikalini. Serikali ina haki ya kuuliza nani anaingia nchini na nani atamlisha. Anayeuliza hivyo hajafanya dhambi.

Lakini haki ya kuuliza haiondoi uzito wa matokeo. Kipimo cha pauni 29,000 kinamwambia msafishaji wa hospitali mjini London kwamba upendo wake haujatosha mshahara. Kinawapima wawili kwa mfuko wa mmoja. Na hata pale ambapo mfuko umetosha, sheria inaacha ndani ya nyumba ile kitu ambacho hakikuwapo siku ya harusi: nguvu ya mmoja juu ya mwingine.

Musa alipokaa ukweni

Maandiko Matakatifu yanawajua watu wa namna hii. Tumezoea kumwona Musa mlimani akiwa na mbao mbili mikononi, tukasahau kwamba kwa miaka mingi alikuwa mwanamume aliyekaa katika nchi ya mkewe. Alifika Midiani akiwa mkimbizi, akapokewa na baba mkwe, akamwoa Sipora, akachunga kondoo. Kutoka 3 inasema wazi kwamba kondoo wale walikuwa wa Yethro. Hakuwa na zizi lake. Na mtoto wake wa kwanza alimpa jina Gershomu, kwa sababu alijiona mgeni katika nchi isiyo yake (Kutoka 2:22). Fikirini baba anayemwita mtoto wake kila asubuhi, na katika jina hilo anatangaza ugeni wake. Alikuwa amepata chakula, mke na mkwe mwema, lakini bado hakuwa kwao.

Wanaume wageni waliooa kwetu wanalijua jambo hili. Mtu anaishi Manundu au Chanika, analima shamba la ukoo wa mkewe, watoto wanamwita baba, lakini kwenye mkutano wa kijiji akinyoosha mkono kunatokea mnong'ono. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii ni njema kuliko tunavyoitumia. Hatuitumii ila kumfukuza mvivu, kumbe ina neno la pili: mpe jembe, yaani mpe nafasi ya kufanya kazi na kuvuna jasho lake. Mgeni anayenyimwa jembe hubaki mgeni hata baada ya miaka 20.

Ruthu naye alikuwa mjane wa mtu wa Bethlehemu. Ndoa ndiyo iliyomfungulia njia ya kwenda Yuda, lakini mume alikuwa amekwisha kufa. Mlango wa sheria ulikuwa umefungwa. Alichobaki nacho ni uaminifu kwa mama mkwe. Hata Boazi alipomtwaa mbele ya wazee 10 langoni, bado walimwita Ruthu Mmoabi. Tena yupo ndugu wa karibu zaidi ambaye angeweza kumkomboa, akakataa kwa kuogopa kuharibu urithi wake mwenyewe (Ruthu 4:6). Huyo hakuvunja sheria. Alipiga hesabu tu. Jina lake halikuandikwa, na jina la Ruthu tunalisoma katika ukoo wa Bwana wetu, Mathayo 1:5.

Kwetu pia tuna historia hii

Watu wa Korogwe na Handeni hatuna sababu ya kuwadharau wanaohamia nchi ya mwenzi wao, maana sehemu kubwa ya jamii yetu imejengwa hivyo. Mwaka 1893 Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida, na katika miongo iliyofuata mashamba yakatanda toka Tanga hadi Mombo. Manamba waliletwa kutoka Kigoma, Njombe, Songea na Unyamwezi, wengine kutoka Msumbiji na Burundi. Wengi walikuja kwa mkataba wakaishia kwa ndoa. Hawakurudi. Wajukuu wao leo ni wazee wa kanisa na walimu wa kwaya katika sharika zetu, na kwa majina tu ndipo utakapojua kwamba babu alishuka kwenye treni akiwa na namba kwenye kipande.

Tena kwa mila ya Wazigua, ukoo ulihesabiwa upande wa mama, na mjomba alikuwa na neno zito. Mwanamume mgeni aliyeoa alijua kwamba watoto wana ukoo wao hata kama yeye hana. Mwanzo 2:24 kwa watu hawa haikuwa ngumu kueleweka: pale anayetajwa kuacha baba na mama ni mwanamume. Sisi tumezoea kumwambia binti aache kwao, tukadhani Biblia ndivyo isemavyo.

Na kuna jamaa wa Chogo, wilayani Handeni. Mababu zao Wazigua walichukuliwa kwa njaa na utumwa katika karne ya 19, wakavushwa bahari hadi Somalia, wakaishi kando ya Mto Juba, na vizazi kadhaa baadaye bado walikuwa wakisema Kizigua. Vita vya 1991 vikawafukuza. Baadhi walifika Tanzania, na tangu 2003 wakakaa Chogo, ambako baadaye walipewa nafasi ya kuwa raia. Wenzao waliokimbilia kambi za Kenya walipelekwa Marekani. Kwa hiyo jamii moja imegawanyika pande mbili za bahari, na kijana wa upande mmoja akimpenda wa upande mwingine, lugha inawaunganisha lakini pasipoti zinawatenga. Nani atamwambia mtu wa Chogo kwamba kuvuka mpaka ili kuungana na wako ni tamaa ya mali?

Kishawishi cha uongo

Hata hivyo, ukarimu wetu usitufumbe macho. Njia hii ina vishawishi, na cha kwanza ni uongo. Wapo wanaotaka ndoa kwa ajili ya kibali tu: fedha zinatolewa, picha zinapigwa, na baada ya miaka michache kila mtu anashika njia yake. Hiyo tunaitambua upesi kuwa ni kushuhudia uongo, tena kwa kutumia jina la Mungu. Lakini kuna uongo mdogo unaokuja ukiwa umevaa nguo za huruma. Wapendanao ni wakweli, ndoa ni ya kweli, ila wamefahamiana kwa miezi 5 na wanaona maombi yatakuwa na nguvu wakisema miaka 2. Wanakuja kwa mchungaji: baba, tuandikie barua kwamba unatufahamu tangu wakati ule. Baba, tarehe hii irudi nyuma kidogo. Kuna ubaya gani, ikiwa tunapendana kweli?

Ubaya upo, na Mwanzo 12 inaueleza kuliko sisi. Abramu alipokaribia mpaka wa Misri, njaa ikiwa nyuma yake, alimwambia Sarai aseme ni dada yake. Yeye alificha ndoa iliyokuwapo, kama vile wengine leo wanavyobuni ndoa isiyokuwapo. Dawa ni ileile, kubadilisha ukweli wa nyumba ili upite mpakani. Na ilifaulu! Abramu alipata kondoo, ng'ombe, watumishi na ngamia. Lakini aliyelipa ni Sarai, aliyechukuliwa nyumbani mwa Farao. Uongo wa mpakani una tabia hiyo: faida huenda kwa wote, gharama humwangukia aliye mnyonge. Anayeingia nchi ya watu kwa barua ya uongo ameweka mikononi mwa mwenzake siri ya kumwangamiza. Siku wakigombana, siri hiyo itakuwa fimbo. Kwa hiyo mchungaji anayekataa kuandika tarehe ya uongo hajawanyima upendo. Amemlinda yule ambaye kesho angepigwa kwa fimbo hiyo.

Neno "nitakurudisha"

Kishawishi cha pili ni kigumu zaidi kwa sababu kinawapata hata waliofuata sheria yote. Ni kishawishi cha mdhamini kuitumia sahihi yake kutawala. Kwanza ni mzaha: bila mimi usingefika hapa. Kisha ni hesabu: nauli nililipa mimi, wakili nilimlipa mimi. Mwisho ni tishio: nitakurudisha Handeni. Mtu aliyesikia neno hilo mara moja hulala nalo kila usiku. Ataogopa kuomba fedha ya matumizi, ataogopa kwenda polisi akipigwa, ataogopa hata kumweleza mama yake kwenye simu, maana nyumbani wote wanajua kwamba amebarikiwa.

Na sisi tuliobaki tunaongeza uzito. Tunamwambia avumilie. Tunamwagizia simu, mabati, ada ya mdogo wake. Binti anavumilia kipigo ugenini ili nyumba ya kijijini ipate paa, na siku ya mavuno tunamshukuru Mungu kwa paa lile. Tunapaswa kujiuliza tunashukuru kwa kitu gani.

Mtume Petro anawaambia waume kwamba wake zao ni warithi pamoja nao wa neema ya uzima, na kwamba wasipowaheshimu sala zao zitazuiliwa (1 Petro 3:7). Mrithi si mdhaminiwa. Mrithi ana haki kwa jina lake mwenyewe, hakuna anayeweza kumwondolea kwa hasira ya jioni moja. Tunapaswa kulisema hili hata kwa wake waliowadhamini waume, kwa sababu mwanamume anayetegemea kibali cha mkewe naye hudhalilishwa, na mara nyingi kwa aibu hunyamaza, kisha huutafuta uanaume wake kwenye pombe au ngumi.

Hata sheria zenyewe zimeliona jambo hili. Marekani, kwa sheria ya 1994, ilimruhusu mwenzi anayeteswa kuomba kwa jina lake bila sahihi ya mtesaji. Ujerumani nayo huruhusu miaka 3 isisubiriwe pale ambapo kuna mateso makubwa. Ikiwa serikali ya dunia imetambua kwamba udhamini unaweza kuwa kamba shingoni, Kanisa haliwezi kusema uvumilie tu.

Mdhamini wa kweli

Je, basi udhamini wenyewe ni mbaya? Kitabu cha Mithali kinaonekana kusema hivyo. Mithali 6 inamhimiza aliyemdhamini mwenzake ajiokoe kama paa mkononi mwa mwindaji, na Mithali 11:15 inasema anayemdhamini mgeni ataumia. Wenye hekima walijua kwamba sahihi ni mzigo.

Lakini Biblia haikuishia hapo. Yuda alisimama mbele ya baba yake akawa mdhamini wa Benyamini, na kikombe kilipoonekana katika gunia la kijana, alijitoa abaki mtumwa Misri ili mdogo wake arudi nyumbani (Mwanzo 43 na 44). Paulo alimwandikia Filemoni kwamba deni lolote la Onesimo liandikwe kwake. Na Waebrania 7:22 inamwita Yesu mdhamini wa agano lililo bora zaidi. Linganisheni wadhamini hawa na yule anayesema nitakurudisha. Yeye anatumia sahihi yake kumfunga mwenzake. Wao walitumia yao kujifunga wenyewe. Kristo alitia sahihi kwa damu yake, na tangu hapo hajatutishia kutufuta. Tumepata uwenyeji mbinguni kwa neema, si kwa kipato chetu, na aliyetudhamini anatuita rafiki.

Hapa ndipo jibu letu lilipo. Mwenzi anaweza kuwa mdhamini bila kumfanya mwenzake mdeni, ikiwa anaelewa kwamba sahihi ile inamdai yeye. Inamdai aharakishe siku ambayo mwenzake hatamhitaji tena kwenye karatasi: amfundishe lugha, ampeleke shule, amfungulie akaunti, ampe hati zake azishike mwenyewe, asaini ombi la kuondoa masharti kwa wakati. Mdhamini mwema hufanya kazi ili udhamini uishe na ndoa ibaki. Anayetaka udhamini usiishe, huyo hakutaka mke wala mume.

Naye aliyedhaminiwa anaruhusiwa kushukuru kama mtu huru. Amshukuru mwenzake kama tunavyoshukuriana kwa chakula, bila kupiga magoti kila siku.

Kazi ya usharika

Tunapendekeza mambo machache kwa wachungaji na wazee wa kanisa. Katika mafundisho ya ndoa, wanaokusudia kuhama waulizwe kila mmoja peke yake, kama ndugu zake Rebeka walivyomuuliza yeye mwenyewe kama yuko tayari kwenda na mtu yule (Mwanzo 24:58). Swali lile liliulizwa kabla ya ngamia kuondoka. Wasome pamoja masharti ya kibali, ili mdhaminiwa ajue haki zake kabla ya kupanda ndege. Barua za kanisa ziandike kile tunachokijua, na tarehe ziwe za kweli. Aondokaye apewe barua ya kumtambulisha kwa usharika wa Kilutheri ulio karibu na anakokwenda, ili awe na mlango mmoja usiofunguliwa na mwenzi wake. Na wazazi waambiwe mbele ya mtoto wao kwamba akirudi, kwa sababu yoyote, atapokewa bila kuulizwa mabati yako wapi. Maneno hayo ya mwisho yana nguvu kuliko wakili. Mtu anayejua kwamba kurudi Handeni si aibu hawezi kutishiwa kwa kurudishwa Handeni.

Kwa wageni waliokuja kwetu kwa ndoa, tuwape jembe. Wakae kwenye kamati, waimbe kwaya, waitwe kwa majina yao, wasiitwe kwa nchi zao. Musa alipata Midiani chakula na mke, akabaki akimwita mwanawe kwa jina la ugeni. Usharika unaweza kumsaidia baba wa namna hiyo afikie siku ya kumpa mtoto wake wa pili jina jingine.